SOMO LA MWEZI: MUSA ANAPANDA MLIMA NEBO

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: Hesabu 20:1-13, Hesabu 27:12-23, Kumbukumbu la Torati 3:23-29 na 32:48-52, halafu sura yote ya 34.



Mwezi huu tunajifunza habari ya safari ya siku moja. Siyo ile ya miaka 40 jangwani ambayo tumeisoma mara nyingi. Ni ile ya mwisho, ambayo mzee mmoja aliifanya kwa miguu, akapanda mlima, akatazama bonde na nchi iliyoko ng'ambo, wala hakushuka tena.

Sababu ya kuchagua somo hili wengi mnaijua. Katika matanga yetu kuna neno ambalo limezoeleka. Mzee akifariki hapa kambini kabla ya kurudi nyumbani, hakosekani mtu wa kusimama na kusema kwamba amekufa kama Musa, kwamba dhambi imemfungia njia. Neno hilo linawaumiza wajane na yatima, na kwa maoni yangu linaitumia Biblia vibaya. Lakini haifai kulikataa kwa hasira tu. Tulipime kwa Maandiko. Tuanze na mlima wenyewe, kwa sababu asiyeujua mlima hawezi kuelewa Musa aliagizwa kufanya kazi gani siku ile.

MLIMA WENYEWE

Nebo uko katika nchi ya Yordani ya leo, mashariki ya mto Yordani na Bahari ya Chumvi, karibu na mji wa Madaba. Katika Biblia utakutana na majina matatu, na watu huyachanganya. Abarimu ni safu nzima ya milima ile. Nebo ni mlima mmoja katika safu hiyo. Pisga ni kilele chake, mahali panapoelekea Yeriko.

Urefu wake ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Najua mtu wa Uvira au wa Fizi akisikia mita 800 atacheka, maana maji yenyewe ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mita 770 hivi! Kwetu mita 800 ni ufukweni. Lakini kabla hujacheka, tazama bonde. Bonde la Yordani na Bahari ya Chumvi ndilo bonde la chini kuliko nchi kavu yote duniani. Leo maji ya bahari ile yako zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari kuu. Na nchi tambarare za Moabu, ambako Israeli walikuwa wamepiga kambi wakitazama Yeriko, nazo ziko chini ya usawa wa bahari. Basi mtu akitoka kambini kwa Israeli kwenda kileleni Nebo anapanda karibu mita elfu moja. Hapo kicheko kinakwisha.

Wale mnaojua njia ya miguu inayotoka uwanda wa Ruzizi kwenda milimani juu ya Uvira, mnaelewa jambo hili bila kuelezwa. Vilevile ndugu zetu wa Burundi wanaoijua barabara ya Bujumbura ikipanda kwenda Bugarama. Hata sura ya nchi inafanana: uwanda wa joto, mto unaopita katikati, mto unaishia katika maji mengi, na milima imesimama pande zote mbili kama kuta. Ruzizi inaingia Tanganyika. Yordani inaingia Bahari ya Chumvi. Tofauti ni kwamba ziwa letu lina dagaa na mikebuka, na bahari ile haina samaki hata mmoja, maana chumvi yake ni karibu mara kumi ya chumvi ya bahari ya kawaida.

Mawe ya mlima ule ni ya chokaa. Makorongo yanaukata, miti ni michache, kivuli ni cha kutafuta. Maji yapo katika bonde la upande wa kaskazini, kwenye chemchemi ambazo wenyeji wanaziita kwa Kiarabu chemchemi za Musa. Anayepanda anapaswa kubeba maji yake.

Tunaye shahidi wa zamani sana wa njia ile. Miaka ya 380 baada ya Kristo, mwanamke Mkristo aitwaye Egeria alisafiri kutoka nchi za mbali za magharibi kuja kutembelea mahali pa Biblia, akawaandikia dada zake wa imani barua ndefu. Alivuka Yordani akapita uwandani, akapanda Nebo pamoja na makasisi na watawa waliojua njia. Anaeleza kwamba sehemu kubwa ya mlima mtu anaweza kupanda akiwa juu ya punda, ila kuna sehemu kali ambayo lazima kushuka na kutembea kwa miguu kwa taabu. Kileleni alikuta kanisa dogo. Watawa walimsimamisha mlangoni wakamwonyesha chini Yordani ikiingia baharini, na ng'ambo Yeriko.

Egeria alikuwa na punda. Kwa habari ya Musa, Biblia haitaji punda wala kijana wa kumshika mkono. Alikuwa na miaka 120.

ALIPANDA MAJIRA GANI?

Swali hili linaonekana dogo, lakini hesabu yake inafurahisha na vijana wetu wa shule wanaweza kuifanya wenyewe. Kumbukumbu 1:3 inasema Musa alianza kusema na watu siku ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Yoshua 4:19 inasema watu walipanda kutoka Yordani siku ya kumi ya mwezi wa kwanza. Toa siku tatu za maandalizi (Yoshua 1:11). Toa siku 30 za kumlilia Musa (Kumbukumbu 34:8). Unafika mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, na kweli Wayahudi mpaka leo wanakumbuka kifo cha Musa tarehe 7 ya mwezi huo, unaoitwa Adari. Kwa kalenda yetu ni Februari au Machi.

Wakati huo katika nchi ile ni mwisho wa mvua. Jua bado halijawa kali. Wakati wa kiangazi bonde lile hupita nyuzi 40 za joto, na mvuke na vumbi hufunika macho, hata ukisimama Nebo huoni mbali. Baada ya mvua hewa husafishwa. Basi Mungu hakumpeleka mzee huyu mlimani katika jua la kuua na ukungu wa vumbi. Alimwita katika majira ambayo mtu anaweza kupanda na kuona.

Pia angalieni jambo ambalo wasomaji wa haraka wanaliruka. Katika 34:7 tunaambiwa macho ya Musa hayakuwa na giza wala nguvu zake hazijapungua. Lakini katika 31:2 Musa mwenyewe anakiri kwamba hawezi tena kutoka na kuingia, yaani kuongoza watu kama zamani. Mimi sioni kwamba maneno haya yanapingana. Kila mtu aliyeishi na mzee wa heshima anajua kwamba mzee anaweza kuwa na miguu ya kwenda shambani na bado akajua kwamba kazi ya kuongoza nyumba imepita kwa mwingine.

ALIVYOVIONA

Leo kileleni Nebo kuna kibao kinachoonyesha miji na umbali wake. Yeriko ni kama kilomita 27. Yerusalemu ni kama kilomita 46, na siku ya hewa safi inaonekana. Kilomita 46! Ziwa letu Tanganyika upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50. Wale waliosimama Kigoma asubuhi baada ya mvua wakaona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, rangi ya buluu, karibu kiasi cha kutaka kunyosha mkono, wanajua Musa aliona kitu cha namna gani. Wengi wetu tuliivuka ile njia ya maji mwaka 1996 na baadaye, tukageuka nyuma na kuiona. Kisha tukaletwa bara, kambini, ambako milima ile haionekani, na kutoka bila kibali hairuhusiwi.

Sura ya 34 inataja kwa utaratibu alivyoonyeshwa: kaskazini hadi Dani, katikati nchi za Naftali na Efraimu na Manase, magharibi Yuda hadi bahari, kusini Negebu, halafu macho yanarudi karibu, bondeni, kwenye mitende ya Yeriko, mpaka Soari. Wanaojua nchi ile wanasema jicho la mtu haliwezi kuona vyote hivyo kutoka Nebo. Bahari ya magharibi imefichwa nyuma ya milima ya Yuda, na Dani iko mbali mno. Wengine hupata shida kwa sababu hiyo. Mimi naona jibu limo katika neno lenyewe: haisemi tu kwamba Musa aliona, inasema BWANA alimwonyesha. Alifika mahali ambapo jicho lilikuwa na mpaka, na kutoka hapo akaonyeshwa.

Kuna neno jingine katika 3:27. Mungu anamwagiza atazame pande nne, na moja ya hizo ni mashariki. Mashariki hakuna Kanaani! Mashariki na kusini mashariki ni jangwa, ni njia waliyotoka. Linganisha na Mwanzo 13:14-17, ambapo Abrahamu anaambiwa atazame pande zilezile nne, na nchi anayoitazama anapewa yeye na uzao wake. Abrahamu alitazama mwanzo wa ahadi. Musa anatazama kwa niaba ya watu ambao wako chini kwenye mahema, wanaosonga ugali wao (au tuseme mkate wao) bila kujua kinachofanyika juu ya vichwa vyao.

JE, NI DHAMBI ILIYOMZUIA?

Sasa tufike kwenye neno la matanga. Ndiyo, Musa alikosa. Hatufuti Maandiko ili kufariji watu. Kule Meriba aliambiwa auambie mwamba, akaupiga mara mbili, tena kwa maneno makali kwa watu. Mungu akamwambia yeye na Haruni kwamba hawatawaingiza watu katika nchi, kwa kuwa hawakumheshimu mbele ya watu. Kumbukumbu 32:51 inarudia sababu hiyo. Musa mwenyewe, katika 1:37 na 3:26, anaongeza kwamba ilimpata kwa ajili ya watu, na Zaburi 106 inakubaliana naye. Kiongozi na watu, makosa yao yalishikana kama mizizi ya miti miwili iliyopandwa karibu.

Lakini angalia nani aliyesema sababu hiyo. Mungu mwenyewe alimwambia Musa, usoni, kabla ya kifo chake. Hakuna Mwisraeli aliyesimama baada ya kifo akaanza kukisia. Sisi kwenye matanga tunafanya kinyume: tunaona mtu amekufa mbali na kwao, halafu tunarudi nyuma kumtafutia dhambi. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya rafiki zake Ayubu, na Ayubu 42:7 inaeleza Mungu aliionaje. Wanafunzi nao waliuliza swali la namna hiyo juu ya kipofu katika Yohana 9, na Bwana Yesu hakuwaruhusu kuendelea nalo.

Tena, kama kufa ugenini ni alama ya dhambi, tutasema nini juu ya Yakobo? Alifia Misri. Familia ilipata ruhusa ya Farao, ikamchukua mpaka pango la Makpela, pamoja na baba zake. Yusufu naye alifia Misri, lakini yeye hakuchukuliwa wakati ule. Aliagiza mifupa yake ibebwe siku Mungu atakapowajilia, ikakaa miaka mingi sana, Musa akaibeba kutoka Misri (Kutoka 13:19), na mwisho ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Musa, ambaye alihakikisha mifupa ya mwenzake inafika nyumbani, mwili wake haukuchukuliwa popote. Mmoja alirudishwa mara moja, mmoja alirudishwa baada ya vizazi, mmoja alibaki. Nani kati ya hao watatu hakupendwa na Mungu? Waebrania 11 inawaweka wote katika orodha moja, na mstari wa 13 unasema juu ya wazee wa imani kwamba waliziona ahadi kwa mbali na kuzishangilia.

Na kuna maombi ya Musa ambayo hayakukubaliwa. Katika 3:23-26 anamsihi Mungu avuke, aione nchi ile njema ng'ambo. Mungu anamwambia yatosha, asiseme naye tena juu ya jambo hilo. Sijui kama kuna familia hapa ambayo haijapata jibu la namna hiyo, iwe ni juu ya kurudi, iwe ni juu ya kwenda nchi ya tatu. Hapa nataka nieleweke: sisemi kwamba barua ya kukataliwa kutoka ofisini ni sauti ya Mungu. Makaratasi ni makaratasi, na yakiweza kukatiwa rufaa, kata rufaa. Ninasema tu kwamba mtu aliyesikia "hapana" kutoka kwa Mungu mwenyewe hakuachwa. Katika mstari unaofuata mara moja aliambiwa: panda, utazame, na baada yake: mpe Yoshua maagizo na umtie moyo. "Hapana" ilikuja pamoja na kazi mbili.

Kama ingekuwa ni adhabu tupu, Musa angefia hemani.

KABURI LISILOJULIKANA

Miezi michache kabla, Haruni alipanda mlima Hori ili afe. Alikwenda na ndugu yake na mtoto wake Eleazari. Walimvua mavazi ya ukuhani wakamvika mtoto, halafu wawili wakashuka na mavazi (Hesabu 20:23-29). Kulikuwa na mashahidi, na kitu cha kuwaonyesha watu. Musa alipanda Nebo peke yake. Hakuna aliyeshuka na fimbo yake wala vazi lake.

Maandiko yanasema alizikwa katika bonde, katika nchi ya Moabu, kuelekea Beth-peori, na hakuna ajuaye kaburi lake. Anayetajwa katika mistari hiyo ni BWANA, ndiye aliyemzika. Watu wamelitafuta. Wafransisko wamechimba kileleni Nebo tangu mwaka 1933, wakapata kanisa la kale na sakafu nzuri za mawe madogo ya rangi. Kaburi la Musa hawakulipata.

Wapendwa, hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu katika kambi hii sijui nyumba ambayo haina kaburi lisilojulikana. Kuna waliozikwa porini bila alama katika ile mbio ya 1996. Kuna waliobaki ziwani. Kuna waliozikwa na wapita njia ambao hata majina yao hatukuyauliza. Mama anajua tu kwamba ilikuwa karibu na mto fulani, chini ya mti fulani. Kwa desturi zetu kutokuwa na kaburi la kupalilia ni aibu na hofu. Wengine hawakuweka matanga kabisa, kwa kusema: tutalia juu ya nini, mwili haupo?

Soma 34:8. Taifa zima lilimlilia Musa siku 30, kwenye nchi tambarare za Moabu. Mwili haukuwapo. Kaburi hawakulijua. Hawakuwa hata nchini kwao. Walikuwa kambini, kwenye mahema, katika nchi ya watu. Nao walilia mpaka siku za matanga zikatimia, na Biblia inahesabu siku hizo kuwa matanga kamili.

Kwa hiyo familia ambayo haikuwahi kumlilia mtu wake kwa sababu mwili haupo, inaweza kuja kwa wazee wa kanisa. Tutaweka siku, tutataja jina lake, tutasoma, tutaimba, watu watakula pamoja kama kawaida. Haijalishi imepita miaka mingapi. Lakini niongeze angalizo. Israeli walijua kwamba Musa amekufa. Kwa ndugu ambaye hatujui kama yuko hai au la, mtu yeyote asiwalazimishe wenye ndugu kuweka matanga. Wengine bado wanapokea habari kupitia Msalaba Mwekundu, na wamewahi kupatikana watu baada ya miaka mingi. Waache waombe kwa namna wanayoweza.

Na wale wanaozikwa hapa kambini, tuwazike bila kunong'ona. Ardhi ya Moabu haikuwa ardhi ya ahadi, tena kuelekea Beth-peori ni mahali pa aibu ya Israeli (Hesabu 25). Mungu hakuona vibaya kumzika mtumishi wake pale.

KABLA YA KUPANDA

Musa hakuamka asubuhi akapanda tu. Kitabu kizima cha Kumbukumbu ni maandalizi ya safari hiyo. Alifundisha, akaandika, akawafundisha watu wimbo, akaweka mikono juu ya Yoshua, akabariki makabila moja moja kwa majina. Fikirini walikuwa nani waliomsikiliza. Wale waliotoka Misri wakiwa watu wazima walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa wachache kama Yoshua na Kalebu. Wengi walizaliwa njiani. Kanaani hawakuijua, na Misri waliisikia tu. Walijua mahema, mana, na kuhama.

Hao ni watoto wetu. Kuna mtu mzima mwenye watoto wake mwenyewe ambaye alizaliwa chini ya turubai na hajawahi kukiona kijiji ambacho kadi yake inasema ndiko anakotoka. Ukimwuliza jina la mto wa kwao, ananyamaza, kwa sababu baba hakumwambia. Baba naye alinyamaza kwa sababu kusema kulimwuma, na ninamwelewa. Lakini Musa pia aliumwa, na alisema.

Tazameni Hesabu 33. Ni sura ambayo wahubiri hawaihubiri, maana ni orodha tu ya majina magumu. Ni orodha ya kambi! Kutoka Ramesesi mpaka Moabu, vituo vinafika 42 ukivihesabu kama waalimu wa zamani walivyovihesabu, na mstari wa 2 unasema Musa aliviandika kwa amri ya BWANA. Pengine ameandika tukio, kwamba hapa palikuwa na chemchemi 12 na mitende 70, hapa hapakuwa na maji. Pengine ni jina tupu. Aliyetazama mashariki siku ile kutoka Nebo alikuwa amekwisha kuiandika njia yote.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Wiki ya kwanza, someni sura ya 34 polepole na mlinganishe na kifo cha Haruni katika Hesabu 20. Mnafikiri kwa nini Musa alikwenda peke yake? Na kwa nini watu hawakuachiwa kaburi? (Wengine watasema ni ili wasiliabudu. Huenda, lakini Maandiko yenyewe hayasemi, basi msimalize mjadala haraka.) Ulizeni pia kama katika kijiji chenu kuna familia iliyosemewa neno la kuumiza kwenye matanga, na ni nani atakwenda kuwatembelea.

Wiki ya pili, kila nyumba ichukue daftari. Baba au mama, au bibi kama yupo, ataje vituo vyote kutoka kijijini kwenu mpaka ploti mnayokaa sasa, na mtoto anayejua kuandika aandike. Mliondoka mwezi gani, mlilala wapi, mlivuka mto gani, nani alizaliwa, nani mlimwacha. Kituo ambacho ni kizito kukisemea kiandikwe jina tu, kama Musa alivyofanya. Kisha mzee asimame mlangoni, aelekeze mkono pande nne, na aeleze kama vile angekuwa amesimama juu ya kilima cha kwao: upande huu kulikuwa na mto gani, upande huu shamba la nani, kanisa lilikuwa wapi, ziwa lilionekana kutoka wapi. Watoto waulize maswali. Daftari liwekwe mahali ambapo mvua haifiki, pamoja na kadi ya posho.

Somo la mwezi ujao ni Yoshua 3 na 4, mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto.